Kusaka faili ya mirathi ya zamani Taita Taveta, kutoka jina la marehemu hadi nakala yenye muhuri

Juzi nilimsindikiza jirani yangu wa Mwatate, mwalimu mstaafu, kutafuta faili ya mirathi ya babake aliyefariki 1997. Kaka zake walikuwa wakimwambia kesi iliisha zamani na shamba limeshagawanywa. Yeye hakuwahi kuitwa popote. Tulihangaika siku nne na nauli juu yake, kwa kazi ambayo mtu anayejua njia angeimaliza siku moja na nusu. Njia yenyewe ni hii. Ukiwa Kitui au Tana River, badilisha majina ya miji tu.

Hatua ya 1: Karatasi

Kitambulisho, cheti cha kifo, na barua ya chifu inayosema wewe ni nani kwa marehemu. Toa kopi mbili mbili. Twende mbele.

Hatua ya 2: Mahakama ipi?

Hapa ndipo tulipopotea. Mtu akifia Wundanyi, unadhani kesi yake iko Wundanyi. Tukaenda Wundanyi. Tukaambiwa hakuna. Tukashuka Voi. Hakuna. Makarani hawakuwa na kosa, sisi ndio tuliobisha mlango usio wetu.

Sababu ni hii. Kabla ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, iliyoanza kufanya kazi 2016, hakimu aliruhusiwa kushika mirathi isiyozidi Sh100,000. Ekari mbili zenye hati na ng'ombe watatu zimeshapita hapo. Kilichozidi kilikuwa cha Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi Voi haikuwa na Mahakama Kuu. Watu wa Taita walipanda basi kwenda Mombasa. Kwa hiyo, kesi ikifunguliwa kabla ya 2016, anza kuuliza Mombasa. Ikifunguliwa baadaye, uliza kwanza mahakama iliyo karibu na shamba, kwa sababu siku hizi hakimu mkazi anafika Sh5 milioni na hakimu mkuu Sh20 milioni.

Angalia sana: nimesema ikifunguliwa, sikusema akifariki. Familia nyingi hukaa na msiba miaka kumi kabla ya kugusa karatasi. Mzee wetu alifariki 1997, lakini kesi ilifunguliwa 2009, wakati mmoja wa kaka alipotaka mkopo kwa hati ya shamba. Sisi tulikuwa tukifunua madaftari ya 1997 na 1998 kama wapumbavu.

Kama marehemu alikuwa Mwislamu, anza kwa Kadhi. Kama alikuwa mtumishi wa serikali, uliza pia ofisi ya Kabidhi Wasii (Public Trustee), maana huenda ndiye aliyesimamia mali.

Hatua ya 3: Nambari ya kesi

Usiende masjala na jina peke yake. Daftari la masjala hufuata mwaka na nambari. Ukitaja jina tu unamwomba karani asome kurasa mia tatu za mwandiko wa mkono huku foleni ikikusubiri mgongoni, na jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo.

Nambari hupatikana kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Kabla mahakama haijatoa granti, yaani kibali cha kusimamia mali ya marehemu, ombi huchapishwa humo na watu hupewa siku 30 za kupinga. Gazeti hutoka Ijumaa, na ni vigumu kumkuta mtu wa kijijini aliyewahi kulishika. Ndiyo maana mirathi hupita bila wenyewe kujua.

Matoleo ya zamani yameskaniwa. Mimi hutumia gazettes.africa, na nikikwama huenda Google Books, ambako kuna magazeti mengi ya miaka ya nyuma na unaweza kutafuta neno ndani ya maandishi. Sipendi kulipa madalali wanaokaa nje ya mahakama na kudai watakutafutia. Wengi wao watafungua tovuti hiyo hiyo kwenye simu yao.

Sasa shida ya majina. Jina la Kitaita kwenye gazeti ni bahati nasibu. Mghanga huandikwa Mganga. Ukitafuta Mwaghogho, jaribu pia Mwagogo. Jina la ubatizo linaweza kuwa Johnson kwenye kitambulisho na Johnstone kwenye cheti cha kifo. Skani nazo zina lao: herufi r na n zikikaribiana, kompyuta inasoma m. Sisi tulijaribu jina la mzee kwa tahajia tano, tukatoka kapa.

Kilichotuokoa ni kuacha jina kabisa. Tangazo la mirathi hutaja mahali marehemu alipofia, tarehe aliyofariki na sanduku la posta la waombaji. Nikaandika neno Wesu, kwa sababu mzee alifia hospitali ya Wesu, nikaongeza tarehe ya kifo kama ilivyo kwenye cheti. Ikatoka. Jina lilikuwa limekosewa kwa namna ambayo hakuna binadamu angeikisia, herufi mbili katikati zimebadilishana nafasi. Juu kabisa: Mahakama Kuu ya Mombasa. Chini yake nambari ya kesi, ya 2009.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma majina ya waombaji, akanigeukia. "Mwanangu, hapa wako wawili. Sisi tuko saba."

Hilo lisikutishe mapema. Gazetini huandikwa waombaji peke yao. Orodha ya warithi iko ndani ya faili, na huko ndiko ukweli unakojulikana.

Njia nyingine, kama shamba lina hati: fanya sachi (ukaguzi wa rekodi) ofisi ya ardhi na uombe kuona kadi ya kijani, yaani rekodi ya wamiliki wa shamba. Ikiwa shamba lilishahama kutoka kwa marehemu, kadi itaonyesha limepita kwa nani na lini. Hata ukikosa nambari ya kesi, umepata mwaka, na ukiwa na mwaka karani hana sababu ya kukufukuza.

Nambari ikianza na herufi E, kesi ilifunguliwa kwa mtandao. Mahakama za Nairobi zilianza 2020, na mfumo ukasambazwa nchi nzima 2024.

Hatua ya 4: Dirishani

Fika saa mbili asubuhi. Sema nambari, mwaka, na kwamba unaomba kupekua faili. Malipo hufanywa kwa simu na unapata risiti. Anayetaka noti mkononi muache utakavyomkuta, bila kitu.

Sikiliza neno utakalojibiwa. "Haipo" na "haionekani" ni vitu viwili. Haipo ni kwamba hata daftarini haimo, rudi hatua ya 2. Haionekani ni kwamba imesajiliwa ila haiko kwenye rafu yake: iko kwa jaji, iko stoo ya faili za zamani, au imefungwa pamoja na faili nyingine. Karani wa mahakama moja, miaka ya nyuma, aliniambia haionekani nikaenda zangu nyumbani nikidhani imepotea. Ilikuwa stoo. Siku hizi nikiambiwa hivyo naandika barua kwa Naibu Msajili papo hapo, naitaja nambari, na naondoka na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa kweli imepotea, barua hiyo na kopi ya gazeti ndivyo vitakavyokusaidia kuomba faili ijengwe upya.

Faili ikifika mezani, usisome kuanzia mwanzo. Fomu za mirathi hutambulika kwa herufi P&A (Probate and Administration) na nambari. Tafuta fomu P&A 5, ambamo waombaji huapa kutaja warithi wote na mali yote. Kisha P&A 38, ya ridhaa ya warithi wengine. Kisha cheti cha kuthibitisha granti, P&A 54, kinachoonyesha nani alipewa nini. Piga picha kwa ruhusa tu. La sivyo, nukuu kwa kalamu.

 

Hatua ya 5: Nakala

Omba nakala zilizoidhinishwa za kurasa unazozihitaji, si faili nzima, maana unalipia kurasa. Hakikisha kila ukurasa una muhuri na sahihi kabla hujatoka mlangoni.

Sisi tuliomba kurasa nne. Kwenye P&A 38 jina la mwalimu lilikuwepo, limeandikwa sawasawa, na pembeni yake alama ya dole gumba. Mama huyu amesahihisha madaftari miaka thelathini na moja. Aliutazama ukurasa, akaomba wino wa karani, akapiga dole lake kwenye karatasi tupu, akaviweka viwili hivyo sambamba. Jumatatu tulivipeleka kwa wakili, ambaye alifungua kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi, kinachoruhusu granti iliyopatikana kwa ulaghai au kwa kuficha jambo muhimu ifutwe, na akatuuliza kama tuna nakala ya pili.