Somo: Presha ya kuhifadhia chakula kwenye chupa, kwa wanaoiogopa mara ya kwanza

Naandika hapa mara moja ili nisirudie tena. Karibu kila mwisho wa wiki kuna mtu ananitumia picha ya sufuria yake mpya, bado iko kwenye boksi, na chini yake maneno yaleyale: "Dada, naogopa, hii kitu haitalipuka?" Wengine mmeinunua tangu mwaka jana na hamjaigusa. Mimi niko Denver, maharage na nyama vinakaa kabatini kwangu ndani ya chupa bila friji, na nimeshawaelekeza watu wengi. Kuanzia leo anayeniuliza nitamleta hapa.

Tuanze na hofu yenyewe. Zile habari za nyumbani za presha kuka kurusha kifuniko hadi darini mara nyingi zina chanzo kimoja kati ya viwili: tundu la mvuke limezibwa na maganda ya maharage au povu, au mtu amelazimisha kufungua kabla presha haijashuka. Kwenye kazi yetu chakula kimefungwa ndani ya chupa, na sufuria ina maji matupu, kwa hiyo hakuna maganda ya kuziba tundu. Juu ya kifuniko pia kuna kizibo kidogo cha usalama, mara nyingi cha mpira. Presha ikizidi kinafyatuka na mvuke unatoka. Jiko litajaa mvuke, utashtuka, utazima moto, basi.

Cha kuogopa ni kingine, nacho hakipigi kelele. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Vijimbegu vyake vinastahimili maji yanayochemka. Ukivifungia ndani ya chupa isiyo na hewa, kwenye chakula kisicho na ukali wa ndimu au siki, vinaota na kutoa sumu ambayo huioni wala huinusi. Aprili 2015, mjini Lancaster, Ohio, watu 29 waliugua na mmoja akafariki baada ya chakula cha pamoja kanisani. Saladi ya viazi ilitengenezwa kwa viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwa kuchemshwa tu, bila presha. Vijimbegu hivyo vinahitaji joto la nyuzi 116 na kuendelea, na maji ya kuchemka hayafiki huko hata uyachemshe kutwa nzima. Kwa hiyo mwenye hofu simlaumu. Namwambia aihamishe tu: aache kuogopa kifuniko, aogope kukisia dakika.

Mfano wetu ni maharage makavu, kwenye chupa ndogo za painti, karibu nusu lita.

1. Zoezi la maji matupu. Kabla hujagusa chakula, weka maji inchi 2 hadi 3 ndani ya sufuria, funga, pandisha presha, ishikilie dakika 10 tu, zima, acha ishuke yenyewe. Hakuna chupa, hakuna maharage, hakuna cha kuharibika. Hapa ndipo utaijua sauti ya sufuria yako, na utajua jiko lako linatakiwa kuwa wapi ili mshale wa geji, ile saa ya kuonyesha presha juu ya kifuniko, utulie. Bandika kipande cha utepe kando ya kitufe cha jiko na uchore alama pale presha ilipotulia. Wote niliowaona wakitetemeka walitulia baada ya zoezi hili, na ndiyo maana nakataa kumfundisha mtu anayetaka kuliruka.

2. Chambua maharage, yaloweke kwenye maji baridi muda wa saa 12 hadi 18, kisha mwaga maji hayo.

3. Weka maji mapya, chemsha dakika 30.

4. Osha chupa, ziweke zikiwa za moto. Pitisha ncha ya kidole taratibu kuzunguka mdomo wa kila chupa. Ukihisi mkwaruzo au pengo dogo kama punje ya chumvi, chupa hiyo ifanye ya kuwekea viungo, haitashika kifuniko.

5. Jaza maharage na maji yake ya moto, acha inchi 1 juu. Chumvi nusu kijiko cha chai ukipenda. Toa viputo vya hewa kwa kijiti, futa mdomo wa chupa, weka kifuniko kipya, kaza pete kwa ncha za vidole. Usikaze kwa nguvu, maana hewa ya ndani inatakiwa itoke.

6. Wavu chini, maji ya moto inchi 2 hadi 3, panga chupa. Inua kifuniko cha sufuria kwenye mwanga uchungulie tundu la mvuke: lazima uone mwanga upande wa pili. Funga.

7. KUTOA HEWA. Someni hatua hii mara mbili. Usiweke bado kile kichuma cha juu, yaani kile kizito kinachokaa juu ya tundu la mvuke. Washa moto mkali, acha tundu wazi. Mwanzoni mvuke utatoka kwa kukatakata, unatema mate kidogo, unanyamaza, unarudi. Huo usiuhesabu. Subiri mpaka utoke mfululizo, mnyoofu, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Hapo ndipo unaanza kuhesabu dakika 10 kamili kwa saa, siyo kwa kukadiria. Zikiisha ndipo unaweka kichuma.

Sababu ni hii. Hewa iliyobaki ndani ya sufuria nayo inasukuma geji. Mshale utakuonyesha presha nzuri kabisa, lakini mchanganyiko wa hewa na mvuke una joto dogo kuliko mvuke mtupu wenye presha ileile. Yaani geji inasema ndiyo na chakula kinasema hapana, na wewe huna namna ya kujua. Chupa zitashika vizuri, zitang'aa, utazipanga kabatini. Hatua hii niliwahi kuifupisha kwa haraka ya wageni, na nilipokuja kuelewa nilichofanya nikamwaga chupa zote. Kwa hiyo usihesabu mvuke wa kukatakata. Usipunguze moto katikati ya zile dakika 10. Na usiondoke jikoni: simu iache mezani, mtoto mwachie mwenzako.

8. Presha ya kutumia inategemea mwinuko wa mji wako. Kwa sufuria ya geji ya mshale: hadi mita 610, pauni 11 za presha, hadi mita 1,220, pauni 12, hadi mita 1,830, pauni 13, hadi mita 2,440, pauni 14. Kwa sufuria ya kichuma peke yake: pauni 10 hadi mita 305, juu ya hapo pauni 15. Denver ni kama mita 1,600, hivyo mimi natumia 13. Dar na Mombasa 11. Arusha na Nairobi 13.

9. Presha ikifika, anza kuhesabu dakika 75. Chupa kubwa za lita moja ni dakika 90. Ikishuka chini ya kiwango, hata kidogo, irudishe juu na uanze kuhesabu upya kutoka sifuri.

10. Zima. Usiguse. Usimwagie maji, usiweke feni, usiinue kichuma. Itachukua nusu saa au zaidi. Mshale ukifika sifuri toa kichuma, subiri dakika 10 nyingine, fungua kifuniko kwa kukielekeza mbali na uso wako.

11. Toa chupa kwa koleo, zipange juu ya taulo, ziache saa 12 hadi 24. Utasikia vifuniko vikilia "tik". Kisha bonyeza katikati ya kila kimoja. Kinachorudi juu hakijashika, chupa hiyo iende friji.

Maswali karibuni.

fundi_jiko: Asante dada. Kwa hiyo nikiwa Nairobi natumia pauni ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 8. Nairobi imetajwa kwa jina.

mama_kunde: Dada shikamoo. Mimi nina presha kuka yangu ya kawaida ya lita 5, inaingia chupa mbili vizuri. Siwezi kuanzia hapo kabla sijanunua kubwa?

Mwandishi: Marahaba mama. Hapana, usianzie hapo. Sufuria ndogo inapata moto haraka na kupoa haraka, na dakika 75 zilipimwa kwa sufuria kubwa inayopanda na kushuka polepole. Ule muda wa kupanda na kupoa nao unafanya kazi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka sufuria inayoweza kubeba angalau chupa nne za lita moja. Hiyo yako pikia maharage, yagawe kwenye vyombo, weka friza.

kaka_mkubwa_OH: Mnatishana bure. Mimi nachemsha nyama kwenye chupa saa tatu, sufuria ya kawaida, miaka sasa. Mbona sijafa?

Mwandishi: Saa tatu za nyuzi 100 zinabaki kuwa nyuzi 100. Jina lako linaonyesha uko Ohio, na nimeandika juu kilichotokea Lancaster. Hujafa kwa sababu si kila chupa ina vijimbegu vilivyoota, siyo kwa sababu njia ni salama. Tafadhali usimlishe mtu nyama hiyo.

kaka_mkubwa_OH: Basi nikichemsha tena kabla ya kula?

Mwandishi: Sumu yenyewe inavunjika ikichemshwa dakika 10, na zaidi kidogo miji ya juu. Lakini chakula unachokishuku hakipelekwi mezani kwa matumaini. Ukikuta kifuniko kimevimba, au chupa inarusha maji ikifunguliwa, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Na mtu akianza kuona viwili viwili, kope kulegea, kumeza kwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari alikula nini. Kuna dawa ya kupambana na sumu hiyo, na inasaidia zaidi ikiwahi.

pwani_raha: Swali langu: maharage ya nazi yakiwa tayari kabisa, naweza kuyafunga hivyohivyo? Na kama haiwezekani, kwa nini? Nataka kuelewa.

Mwandishi: Swali zuri sana. Haiwezekani, na sababu ni mbili. Kwanza, sijaona popote dakika zilizopimwa kwa tui la nazi, na bila kipimo tunarudi kwenye kukisia. Pili, muda wote tunaotumia umetokana na kupima joto linachukua muda gani kufika katikati ya chupa. Maharage kwenye maji mepesi yanaruhusu maji ya moto kuzunguka kati ya punje. Uzito wa tui, unga, au maharage yaliyopondwa unazuia mzunguko huo, na katikati panabaki na ubaridi. Mafuta nayo yanawakinga bakteria. Ndiyo maana hata boga lililopondwa haliruhusiwi, ila vipande vyake vinaruhusiwa. Hifadhi maharage matupu na chumvi tu. Tui weka siku ya kula.

pwani_raha: Nimeelewa. Na kisamvu?

Mwandishi: Kisamvu friza. Mchicha wa spinachi una kipimo, dakika 70 kwa painti, lakini utatoka umelainika mno. Mimi naugandisha.

shangazi_wa_seattle: Mwanangu hapa tunapata samaki wa salmoni kwa bei nafuu msimu ukifika. Ni dakika zilezile?

Mwandishi: Hapana shangazi, samaki ni dakika 100 kwa painti. Usitumie 75 ya maharage. Msimu ukianza niandikie, tutapitia pamoja hatua moja moja.

fundi_jiko: Samahani kwa lile la juu, nilikuwa kazini nikasoma kwa haraka. Gesi ikiisha katikati je? Huku mtungi hauna taarifa.

Mwandishi: Usijali, na hili ni swali la maana. Ikiisha dakika ya 60, badilisha mtungi, pandisha tena, anza dakika 75 upya. Maharage yatalainika zaidi, lakini yatakuwa salama. Pima uzito wa mtungi kabla ya kuanza, au anza na uliojaa. Na kwa mlioko Marekani wenye geji ya mshale: ipelekeni ikapimwe kila mwaka, ofisi nyingi za ugani za kaunti zinafanya kazi hiyo. Kichuma hakihitaji kupimwa.

mama_kunde: Chupa zangu nilizofungia kwenye sufuria ya rafiki yangu zilitoka na ukungu mweupe nje. Zimeharibika?

Mwandishi: Ni chokaa ya maji tu. Weka siki kidogo kwenye maji ya sufuria. Na pete zitoeni kabla ya kupanga kabatini; pete inaweza kushikilia kifuniko kilichokwisha achia na usijue.

njugumawe: Dada, nimefanya zoezi la maji leo. Mara ya kwanza nilizima moto na kukimbilia sebuleni. Ya pili nikasimama mpaka mwisho. Swali: mbaazi nazo zinafuata vipimo vya maharage? Nataka ziwe tayari kabla ya Ramadhani.

Mwandishi: Hongera sana. Ndiyo, mbaazi kavu, kunde na choroko zote zinafuata kipimo kilekile cha maharage makavu, 75 na 90. Usijaze punje mpaka juu, robo tatu ya chupa kisha maji, maana zinaendelea kunyonya. Siku ya futari mwaga nusu ya maji yake, kaanga kitunguu na bizari, mimina mbaazi, malizia na tui zito. Andika tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika, uanze na za zamani.