Kuthaminisha vito: lini, kwa nini, na uangalie nini kwa sonara

Kabla hujaenda Kariakoo au Kisutu, Dar es Salaam, na bangili mkobani, amua hati ya tathmini unayoitaka ni ya kazi gani. Bangili moja ina bei tatu. Kuna bei ya kununua mpya kama hiyo dukani: hiyo ndiyo ya bima. Kuna bei ambayo mtu angeilipa leo ikiwa imeshavaliwa: hiyo ndiyo ya mirathi, au ya kugawana mali baada ya talaka. Ya chini kabisa ni bei ya kuyeyushia, ambayo sonara anayenunua na mkopeshaji wa rehani huanzia hapo. Hati ya bima ikitumika kugawa mirathi, aliyepewa kidani anapunjwa, maana anahesabiwa fedha ambazo hawezi kuzipata akikiuza. Na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo asichelewe: ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali.

Kwa sonara, mzigo upimwe mbele yako, kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Usiuache dukani. Kisha muhuri usomwe kwa lenzi: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Muhuri peke yake si ushahidi, yeyote anaweza kuugonga. Dai kipimo cha asidi kwenye jiwe la kusugulia, au cha mashine ya mionzi. Mashine hiyo husoma tabaka la juu tu, kwa hiyo kitu kilichochovywa kwa unene kinaweza kuipita.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: bangili ya gramu 12.40, karati 18, ina dhahabu safi gramu 9.30. Zidisha kwa bei ya siku. Watu huumia kwenye uzito. Bangili nene yenye uwazi ndani mara nyingine hujazwa nta, na mawe ya kidani nayo hupimwa kana kwamba ni dhahabu. Uliza nta na mawe vimetolewa kiasi gani kwenye uzito.

Tanzanaiti ipelekwe kwa mtaalamu wa mawe, si kwa sonara tu. Izungushe kwenye mwanga: yenyewe huhama kutoka bluu kwenda zambarau, kioo hubaki vilevile. Asidi isiiguse, wala isioshwe kwa mashine ya mtetemo, itapasuka.

Hati iwe na picha, uzito, karati, vipimo vya kila jiwe, kusudi la tathmini, tarehe na saini. Malipo yawe ya kiwango kilichopangwa. Anayedai asilimia ya thamani ana sababu ya kuipandisha, na anayetaka kununua kwako ana sababu ya kuishusha.

Ya bima irudiwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Januari 2024 wakia ya dhahabu ilikuwa kama dola 2,050. Oktoba 2025 ilivuka 4,000. Mwenye hati ya Januari 2024 aliyeibiwa Oktoba 2025, fidia ilifika kama nusu tu ya bei ya kidani kipya.