Ukianza kuharisha katikati ya dozi ya antibiotiki: fanya hivi

Mimi ni mfamasia. Juzi nilimwelekeza dada mmoja kwa simu. Mwanawe alikuwa anatumia amoksilini yenye klavulanati na tumbo likaanza kumwendesha. Swali lake la kwanza ni lile ninalolisikia kila mara pale dirishani: "Niache dawa?" Huu ndio mpangilio tuliofuata.

1. Hesabu, kisha tazama

Choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, huko ndiko kuharisha. Kulainika kidogo mara moja au mbili hakuhitaji kitu. Endelea na dozi. Ukiona damu, au kuna homa au maumivu makali ya tumbo, achana na hatua zinazofuata, nenda hospitali.

2. Usiache dawa kimyakimya

Mpigie aliyekuandikia. Antibiotiki haichagui: inaua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wanaosaidia kumeng'enya chakula utumbuni. Chakula kisichomeng'enywa hubaki humo na kuvuta maji. Klavulanati na antibiotiki iitwayo erithromaisini zina lao jingine, huchochea utumbo wenyewe usukume haraka. Mara nyingi hali hii huisha dozi ikiisha, na daktari anaweza kuamua umalize au akubadilishie. Kama ni amoksilini yenye klavulanati, imeze unapoanza kula; tumbo hutulia zaidi.

3. Changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ipasavyo

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo nivumilie.

Soma pakiti kwanza. Nyingi ni za lita 1, lakini zipo za nusu lita na za ml 200. Pakiti ya lita 1 inataka lita 1 kamili ya maji safi na salama, na unga wote uingie. Usikadirie kwa jagi. Chukua chupa iliyoandikwa ujazo wake, mbili za ml 500 zinatosha. Yule dada alikuwa amemimina nusu pakiti kwenye glasi, "ili iwe na nguvu". Ikiwa nzito hivyo, chumvi na sukari huvuta maji kuyaingiza utumbuni, mtoto anaharisha zaidi, na chumvi inapanda kwenye damu. Ikiwa nyepesi mno, haimrudishii alichopoteza. Usiongeze sukari, maziwa, juisi wala soda. Maji ya kuchemshwa yapoe kwanza. Ukishachanganya usichemshe tena. Baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mpya. Kabla ya kumpa, onja: isizidi chumvi ya machozi.

Kunywesha nako kuna namna yake. Chini ya miaka 2, ml 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Mtoto mkubwa zaidi, ml 100 hadi 200. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza upya kwa kijiko, taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14: mg 20 kwa siku, au mg 10 kama hajafikisha miezi 6.

Ya kutengeneza nyumbani (vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita 1) siipendi, kwa sababu vijiko havilingani. Itumie pale tu pakiti inapokosekana. Vinywaji vya kuongeza nguvu havihusiki hapa kabisa.

Macho yakididimia, mkojo ukipungua sana au mtoto akilegea, usiendelee kukoroga. Mpeleke hospitali.

4. Weka kando dawa za kufunga tumbo

Loperamidi usiimeze kwa uamuzi wako, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Vidonge vya bakteria rafiki sivikatai, ila viachane na antibiotiki kwa saa 2 hivi, na mwenye kinga dhaifu asivitumie bila daktari. Mtindi sawa, isipokuwa usiumezee antibiotiki za doksisaiklini au siprofloksasini. Kalsiamu ya mtindi huzishika zisifyonzwe.

5. Mikono

Sabuni na maji. Vitakasa mikono vya alkoholi haviui mbegu (spora) za Clostridioides difficile, bakteria anayeweza kuleta kuharisha kwa mtu aliyetumia antibiotiki.

6. Baada ya dozi

Bakteria huyo, ambaye tangu 1978 anajulikana kusababisha uvimbe mkali wa utumbo mpana baada ya antibiotiki, anaweza kukuharisha wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Klindamaisini na sefalosporini ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Kwa hiyo ukiharisha tena baadaye, hata kama umeshasahau ile dozi, itaje kwa daktari na ubebe boksi lake. Akishuku, ataagiza kipimo cha choo, na sampuli inayotakiwa ni ya choo cha majimaji.