Umekabidhiwa geti na mapokezi ya ofisi ya serikali hapa Dodoma? Anzia hapa

Kuna watu kibao siku hizi wanapewa hii kazi bila maelekezo yoyote, wewe ni afisa tawala au afisa utumishi una mambo yako, bosi anakuita anakwambia kuanzia Jumatatu walinzi na mapokezi viko chini yako, basi imeisha hiyo. Semina hamna, makabidhiano hamna, unapewa funguo na daftari la wageni lililochanika jalada. Naandika zaidi kwa walioko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali zilipo wizara, ila hata ukiwa ofisi ya mkoa au ya wilaya, iwe Kongwa, Bahi au Kondoa, mambo ni yale yale, tofauti ni wingi wa watu tu.

Kabla hujagusa chochote elewa hivi, ulinzi na kupokea wageni sio kazi mbili. Mgeni asiyejua aende wapi ndo huyo anazunguka korido, ndo huyo anafungua mlango usiomhusu, ndo huyo anarudi getini na hasira zake, na watu wakishajazana getini mlinzi hawezi tena kuona nani kaingia na kabeba nini. Kwahiyo ukiona foleni ndefu nje usikimbilie kuomba walinzi waongezwe, uliza kwanza hawa watu wanatafuta nini.

Na njia ya kujua ni kukaa pale. Chukua kiti, kaa getini tangu saa 1 asubuhi, ofisi zinafunguliwa saa 1:30 ila wa vijijini na waliolala kwenye basi wanakuwa wameshafika zamani, sikiliza wanauliza nini na andika. Utakuta maswali ni machache yanajirudia: barua yangu imefikia wapi, nafuatilia madai, nimeleta maombi ya uhamisho, nataka kumuona mheshimiwa. Wengi hapo hawana hata haja ya kupanda ghorofani. Aliyeleta barua anahitaji mtu wa masjala tu, kule barua na mafaili yanakopokelewa na kutunzwa, aipokee, amgongee muhuri kwenye nakala yake aondoke, kwahiyo omba dirisha la masjala lishuke chini karibu na mlango. Mwalimu anayetaka uhamisho, maombi yanapita kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, lakini bado watu wanapanda basi kutoka mikoa ya mbali kuja kuulizia, sasa huyo usimrudishe na maneno "ingia kwenye mfumo", muweke dada au kaka wa mapokezi anayeujua huo mfumo amfungulie kwenye simu yake amuonyeshe ombi limekwama kwa nani. Dakika kumi tu na huyo mtu harudi tena wiki ijayo.

Mtumba ina tabu yake, toka Mji wa Serikali uzinduliwe Aprili 2019 wizara zimekaa jirani jirani na majengo kwa mgeni yote yanafanana, na pale ni kilometa kama 17 toka mjini. Mtu akikosea jengo ukimwambia "sio hapa" umemrudisha juani. Mlinzi wako awe na karatasi moja yenye ramani ya majengo ya jirani, amwelekeze mtu kwa kidole, na kama ni mzee amuitie bajaji.

Haya, walinzi wenyewe. Hapa wengi wanachemka kwa sababu wanadhani ukiitwa msimamizi basi kila aliyevaa sare ni wako. Kwenye jengo moja unaweza kuwa na walinzi wa SUMA JKT, yaani kampuni ya Jeshi la Kujenga Taifa, au wa kampuni binafsi, askari polisi wawili watatu, watu wa mapokezi ambao ni waajiriwa, na wa usafi ambao wana mzabuni wao. Kila mmoja ana bosi wake. Nenda kitengo cha manunuzi omba mkataba wa ulinzi uusome mwenyewe: walinzi wangapi kila zamu, mmoja asipokuja nani analeta mbadala na kwa muda gani, redio na tochi ni za nani. Utashangaa mkataba unasema wanane na wewe kila siku unaona sita. Polisi usiwaamrishe, kaa na afande wao mkubaliane nani anafanya nini likitokea tatizo. Ukishajua hayo andika maelekezo ya kila lindo, ukurasa mmoja tu, Kiswahili cha kawaida, ubandike ndani ya kibanda. Getini fanya hivi, mlango mkuu hivi, maegesho hivi, nyuma kwenye jenereta hivi. Mlinzi mgeni aliyeletwa leo kuziba pengo akisoma ile karatasi aweze kufanya kazi.

Kwenye ukaguzi mpangilio ni salamu, shida, kitambulisho, mkoba, beji. Salamu ije kwanza kweli, mzee wa miaka sabini apewe shikamoo yake, na kama ni Mgogo ukimtupia "mbukwa" utaona uso unavyobadilika, huyo hata ukimwambia avue mkanda hakatai. Mwanamke akaguliwe na mwanamke, hii haina mjadala, kwahiyo kama zamu haina mlinzi wa kike hiyo zamu haijakamilika. Mkoba ufunguliwe na mwenyewe mbele ya macho yake, mlinzi asichovye mkono. Fimbo ya asiyeona sio silaha, na aliyemsindikiza anaingia naye. Mwenye kiti cha magurudumu usimbebe kwenye ngazi kama gunia, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010 na njia yake inatakiwa iwepo, kama ipo ila imeegeshwa pikipiki hilo ni la kwako la kusimamia.

Kitambulisho, wengi bado wanatembea na namba ya NIDA tu bila kadi, pokea namba, pokea kadi ya mpiga kura, leseni, hata barua ya mtendaji. Mimi sipendi ule utaratibu wa kuzuia kitambulisho cha mtu ndo apewe beji, vinapotea, vinachanganywa, jioni mnatafutana. Andika taarifa mrudishie kadi yake. Na hilo daftari! Yaani daftari linalala wazi mezani kila mtu anasoma jina na namba ya simu ya aliyemtangulia, na kuna vijana wananakili namba za akina dada humo jioni wanaanza kutuma meseji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inaigusa ofisi yako kama ofisi nyingine. Aandike mtu wa mapokezi, sio mgeni, karatasi ya juu ifunikwe, daftari likijaa liende masjala likafungiwe lisigeuke kufungia maandazi.

Mavazi ndo ugomvi wa kila siku. Waraka wa mavazi uliandikwa kwa watumishi, ila getini unatumika kwa kila mtu kama amri ya mlinzi, na mama aliyetoka Chemba na ndala zake anazuiwa wakati kijana mwenye suti iliyombana anapita. Kaa na bosi mkubaliane ni vazi gani hasa haliruhusiwi kwa mgeni, iwe kwenye karatasi, ibandikwe nje mtu aone kabla ya kufika mlangoni, halafu nunua kanga na vitenge vichache viwe getini vya kuazima. Gharama yake ni ndogo na kelele zinaisha.

Sasa wakubwa. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakuwa hapa na mji unajaa, waheshimiwa wanakuja na wapiga kura wao, wakurugenzi wa taasisi wanamiminika, na siku hizi kuna treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 kwahiyo kuna mtu anatoka Dar asubuhi anataka arudi jioni hiyo hiyo, haraka zake usiseme. Panga likizo za watu wako zisiangukie hapo. Na mtu wa "unanijua mimi ni nani" atakuja tu. Usimuachie mlinzi mwenye mshahara mdogo abishane naye, atamruhusu kwa woga au atamjibu vibaya. Utaratibu wa nani anakaguliwa na nani ana njia yake uwe na sahihi ya Katibu Mkuu au mkuu wa taasisi, mlinzi anaonyesha karatasi na anakupigia wewe. Magari pia, namba za STK zisimlaze mtu, gari la serikali sio lazima liwe la wizara yako, liandikwe na dereva wake. Kiongozi wa kitaifa akija walinzi wake watatangulia kukagua, wape ramani, funguo na orodha ya watu waliomo, halafu kaa pembeni.

Vishoka. Wanakaa nje chini ya mti karibu na kwa mama lishe, wanajifanya wana ndugu ndani, wanachukua hela za watu kwa ahadi ya kuharakisha faili. Hawawezi kufanya hivyo kila siku bila mtu wa ndani kujua, kwahiyo usiwaache walinzi wale wale lindo lile lile miezi yote, wazungushe. Bandika namba ya TAKUKURU 113 mahali mgeni anapokaa kusubiri na umuelekeze e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa malalamiko, na viti viwepo, maji ya kunywa yawepo, choo cha wageni kiwe wazi.

Kitabu cha matukio, OB, kisome kila asubuhi mwenyewe. Kuna kitu kidogo kinasumbua sana, mlinzi aliyepita JKT anaandika 1610, mapokezi wanaandika saa 10:10, kamera inaonyesha 16:10 tena imechelewa dakika saba, siku laptop ikiibiwa mnashindwa hata kuoanisha. Chagueni saa moja ya kuandikia, na saa ya kamera irekebishwe. "Hali shwari" sio taarifa. Taarifa ni nani, wapi, saa ngapi, ulifanya nini, ulimjulisha nani.

Moto, namba ya zimamoto 114, polisi 112, ziandikwe kwenye simu ya mezani ya mapokezi. Tembea milango yote ya dharura, nakuhakikishia kuna mmoja una kufuli "kwa usalama" na mwenye ufunguo yuko likizo. Fanya zoezi la kutoka nje, na sio saa 3 asubuhi watu wakiwa fresh, lifanye saa 6 wageni wakiwa wamejaa ndo utajua kama beji zako zinakusaidia kuhesabu nani hajatoka.

Saa 9:30 kabla hujaondoka hesabu beji, isiyorudi tafuta iko ofisi gani. Halafu wale waliotoka mbali na hawakuhudumiwa, chukua majina yao na ofisa wanayemtafuta, piga simu juu muwape saa kamili ya kesho, na asubuhi waanze kwenye hiyo orodha, sio nyuma ya foleni tena.