Upinde wa kwanza: namna ya kuuchagua, na kwa nini mishale ndiyo itakayokusumbua

Mpwa wangu alikuja kwangu Njoro na picha ya upinde kwenye simu. Ratili 45, yaani nguvu ya kuuvuta. "Mjomba, huu ndio nautaka. Hiyo midogo si ya watoto?" Nikampa wangu wa ratili 40, nikamwambia auvute taratibu, aushikilie nihesabu hadi kumi, kisha aurudishe bila kuuachilia. Nilipofika nne mkono ulikuwa unatetemeka na bega limepanda hadi sikioni. Tukaanza upya, na Jumamosi tatu tulizokaa pamoja ndizo zilizozaa mwongozo huu. Nazungumzia upinde wa jadi tu, usio na kapi wala kifaa cha kulengea.

Hatua ya 1: Jicho

Nyoosha mikono, unganisha viganja ubakize tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili. Fumba jicho moja, kisha la pili. Linaloendelea kukiona kile kitu ndilo linaloongoza. Likiwa la kulia, nunua upinde wa kuvutwa kwa mkono wa kulia. Mkono ukibishana na jicho, mimi hufuata jicho.

Hatua ya 2: Urefu wa mvuto

Tandaza mikono ukutani, upimwe kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ugawanye kwa 2.5. Mpwa wangu ana sentimita 168, kwa hiyo mvuto wake ni sentimita 67, yaani inchi 26 na nusu hivi. Ratili zinazoandikwa kwenye upinde hupimwa ukivutwa inchi 28. Kila inchi unayopungukiwa inakutoa ratili mbili hivi, kwa hiyo upinde wa ratili 28 mkononi mwake ni wa ratili 25.

Hatua ya 3: Upinde wenyewe

Mtu mzima aanze na ratili 25 hadi 30, kijana au mwenye mwili mwepesi 20 hadi 25. Hapo sibadiliki. Upinde mzito hukufundisha makosa: unaachilia mapema kwa kuchoka, na mwili unazoea hivyo.

Chukua ule unaofunguka vipande vitatu, mshikio katikati na mbawa mbili. Nguvu zikiongezeka unanunua mbawa peke yake. Kwa mvuto wa inchi 26 au 27, urefu wa inchi 62 unatosha. Mfupi zaidi ya hapo unakunja ugwe kwa pembe kali na kubana vidole.

Wengi huniuliza kwa nini wasianze na upinde wa wazee. Huku kwetu upinde haukuja na meli. Waogiek wa Mau, Wamarakwet, Wapokot na Wakuria wameushika vizazi na vizazi. Mimi mwenyewe ninao mmoja niliochongewa na mzee wa Kiogiek upande wa Nessuit, ugwe wake ni wa kano za ng'ombe zilizosokotwa, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Lakini umechongwa kwa kipimo cha mtu aliyevuta tangu utotoni. Hauna rafu ya mshale pia, yaani kidato cha kuulaza kwenye mshikio, mshale unakaa juu ya ngumi yako, na mzizi wa unyoya usipofungwa vizuri kwa uzi pale mbele, utakuchana. Kovu langu liko chini ya kidole cha shahada. Utauendea huo ukishakomaa.

Mpwa wangu aliuliza kama huu ni mchezo wa wasichana. Nikamkumbusha Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mchezo wake ni upinde.

Hatua ya 4: Kutia ugwe

Tumia kamba ya kupindia inayoshika ncha zote mbili. Ukipitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwa paja, mbawa zitajipinda. Na usiuachilie ugwe kamwe bila mshale: nguvu isipopata mshale wa kusukuma inarudi kwenye mbawa, nazo hupasuka.

Hatua ya 5: Mishale

Hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu. Upinde wangu wa kwanza ulikuwa wa ratili 30, na duka moja likaniuzia mishale ya 400 (nambari ya ugumu, naieleza hapa chini) likisema ni imara. Kila mshale ulikwenda kushoto, shubiri nzima, kwa umbali wa mita 15. Nilibadilisha namna ya kusimama, nikabadilisha vidole, nikajifunza kulenga kulia ili nipate katikati. Kosa halikuwa langu.

Mshale ukisukumwa na ugwe hauendi umenyooka. Unapinda kama samaki, unauzunguka mshikio, kisha unanyooka mbele. Ukiwa mgumu kupita nguvu ya upinde haupindi vya kutosha, kwa hiyo unasukumwa kando. Ugumu huo ndio huitwa spaini. Nambari inasema mshale unazama kiasi gani ukining'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, vishikizo vikiwa inchi 28 kutoka kimoja hadi kingine: 500 ni nusu inchi. Nambari ikiwa kubwa, mshale ni laini. Kwa ratili 25 hadi 30 anza karibu na 800 au 700, urefu kamili, bila kuukata.

Kisha jaribu hivi. Nunua mishale sita, miwili kati yake uivue manyoya. Simama mita 8 hadi 10. Piga yenye manyoya, kisha ile mitupu, na ulinganishe inapoangukia. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mitupu ikienda kushoto ni migumu mno, ikienda kulia ni laini mno. Wa mkono wa kushoto ageuze.

Sasa tahadhari, kwa sababu jaribio hili hudanganya.

Panga kwanza mahali pa mshale kwenye ugwe. Anza nusu inchi juu ya usawa wa rafu. Ukikaa chini mno, mshale unagonga rafu na kuruka, na utasoma upuuzi. Mitupu ikitua chini ya yenye manyoya, alama yako kwenye ugwe iko juu mno, ishushe kidogo kidogo.

Usiangalie mshale umeegemea upande gani kwenye gunia la shabaha. Gunia huugeuza. Angalia tundu.

Usihukumu kwa mshale mmoja. Rudia angalau mara sita. Na kama bado unachomoa vidole kwa ghafla badala ya kuvilegeza, jaribio lisubiri wiki mbili.

Usikate. Mshale mgumu unalainishwa kwa kichwa kizito zaidi. Ya mpwa wangu ilikuwa ya 800 na vichwa vya greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), mitupu ikaenda kushoto nusu shubiri. Tulipotia vya greni 145 ikatua katikati ya wenzake. Ingekuwa laini ndipo ningekata, robo inchi kwa mara moja, nikijaribu kila mara. Kilichokatwa hakiungiki.

Manyoya yawe ya kweli. Plastiki ikigusa rafu inautupa mshale pembeni. Ya bata mzinga ndiyo bora, na mshale mmoja uwe na manyoya ya bawa la upande mmoja tu. Mshale wa kaboni ukunje kidogo karibu na sikio lako kabla ya kila kipindi. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje utupe, usije ukapasukia mkononi.

Hatua ya 6: Shabaha

Gunia lililoshindiliwa mitumba iliyochakaa, zipu na vifungo vimetolewa. Nyuma yake ukingo wa udongo, si ua wa michongoma wala njia ya bodaboda.

Hatua ya 7: Kuubeba

Nakuru, Molo na Kuresoi watu wanakumbuka machafuko ya 1992 na 2008, na mishale ilivyotumika. Kwa hiyo toa ugwe, fungua upinde, uweke ndani ya mfuko, mishale kando. Mwambie jirani na chifu kabla hujaanza, uwaalike waje waone. Wangu walikuja, wakavuta, sasa watoto wao hushika zamu Jumapili. Usisogee na upinde karibu na ua wa hifadhi ya Ziwa Nakuru. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na askari hataanza kwa kukuuliza habari ya gunia lako.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Mita tano, mishale 30, mara tatu kwa wiki. Bega likianza kupanda, acha hata kama ni mshale wa 12. Ukimaliza toa ugwe, na usiuache upinde ndani ya gari juani wala darini chini ya mabati. Joto hulegeza gundi ya mbawa.