Monita ya mtumba, ihesabie sekunde kabla hujailipia

Steshenari yangu iko Chikongola, Mtwara mjini, na ina kompyuta 4. Tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 12 jioni, siku 26 kwa mwezi, na msimu wa korosho mashine hazipumziki. Nikinunua umeme wa shilingi 10,000 napata yuniti 28 hivi, yaani kama shilingi 357 kwa yuniti. Gesi inachimbwa pale Mnazi Bay, jirani zetu kabisa, lakini bei ya yuniti ni ileile ya kila mahali. Basi monita siku hizi nainunua kwa hesabu.

Nilishaumia. Nilichukua flati mbili za inchi 19 kwa bei ya kutupa, muuzaji akaniapia kwamba flati zote ulaji wake mmoja. Si kweli. Za zamani zinaangazwa kwa vityubu vyembamba nyuma ya kioo, za sasa kwa LED, vitaa vidogovidogo. Ya tyubu huwa nene, ukiiwasha mwanga unaanza hafifu, na baada ya nusu saa ukiweka kiganja juu ya matundu ya mgongoni unasikia joto. Ya LED inang'aa palepale. Zile za chogo hata ukipewa bure ziache: nyingi zinakula wati 70 na zaidi.

Usidanganywe na kibandiko cha nyuma. Kikisema 1.5A, hicho ni kikomo tu. Ukizidisha kwa voti 230 utapata wati 345, na hakuna monita ya ofisini inayokula hivyo. Mimi napima kwa mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Kubaliana na muuzaji ukae nayo siku moja. Akikataa, nenda duka jingine.

Zima kila kitu: friji, feni, hata chaja ya simu. Chukua laptopu yenye chaji, usiichomeke ukutani, iunganishe na monita ili ile monita isilale. Sasa nenda kwenye mita uangalie kitaa kinachopepesa. Yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1,000 yuniti 1 imekwenda. Kikipepesa, anza kuhesabu kwa saa ya simu. Kikipepesa tena, simamisha. Rudia mara tatu, maana jicho huchoka. Kisha chukua 3,600 ugawanye kwa sekunde ulizopata, jibu ni wati. Kama mita yako ni ya 1600, badala ya 3,600 chukua 2,250. Kama ni ya 800, chukua 4,500.

Ile flati yangu ya tyubu ilichukua sekunde 90, sawa na wati 40. Ya LED ya ukubwa uleule ilichukua sekunde 200: wati 18. Kwa saa zangu za kazi, ya kwanza inakula yuniti 10.4 kwa mwezi, karibu shilingi 3,700. Ya pili yuniti 4.7, kama 1,670. Tofauti ni 2,000 na kidogo kwa kila monita. Kwa hiyo LED ikizidi bei kwa 30,000 nainunua bila kusita, ndani ya mwezi wa 15 imejilipa. Ikizidi kwa 80,000 naiacha. Na mwanafunzi anayewasha saa moja tu usiku ataokoa kama shilingi 200 kwa mwezi, huyo abaki na aliyonayo.

Ukishainunua, punguza mwanga. Yangu nilipoushusha kutoka 100 hadi 40, sekunde zilipanda kutoka 200 hadi 260, karibu wati 14, na macho ya binti anayechapa yakapata nafuu. Halafu iweke ijizime yenyewe baada ya dakika 5 bila kazi. Zile picha zinazoelea kwenye kioo haziokoi chochote, taa ya nyuma bado inawaka vilevile.