Namna ya Kutambua Nyutrino za Angahewa katika Tangi la Super-Kamiokande

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa fizikia anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza data ya Super-Kamiokande, kigunduzi cha maji cha nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji). Miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kutoka anga za juu ambazo sehemu yake kubwa ni protoni, inapogonga angahewa huzaa pioni (chembe zinazodumu muda mfupi sana) kwenye kimo cha kilomita 15 hivi. Pioni huvunjika na kutoa muoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) pamoja na nyutrino ya muoni, na muoni hiyo nayo ikivunjika hutoa elektroni, nyutrino nyingine ya muoni, na nyutrino ya elektroni. Ndiyo maana, katika nishati za chini, tunatarajia nyutrino mbili za muoni kwa kila moja ya elektroni. Nyutrino yenyewe hatuioni kamwe. Tunachokiona ni mwanga wa chembe yenye chaji inayozaliwa pale nyutrino inapogonga kiini cha atomi ndani ya maji.

Hatua ya 1: Kifahamu kigunduzi

Super-Kamiokande imo katika mgodi wa Kamioka, mkoani Gifu, Japani, ikiwa imefunikwa na mwamba wa mita 1,000 hivi, na ilianza kukusanya data mwezi Aprili 1996. Tangi lake lina kimo cha mita 41.4 na kipenyo cha mita 39.3, na hubeba tani 50,000 za maji yaliyosafishwa mno. Ukuta wa sehemu ya ndani umepangwa mirija zaidi ya 11,000 ya kukuza mwanga, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha sentimita 50. Sehemu ya nje, ambayo ni tabaka la maji la takriban mita 2, ina mirija midogo 1,885 inayofanya kazi ya mlinzi wa mlangoni. Kutumia migodi si jambo jipya: nyutrino za angahewa zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1965 katika migodi miwili ya dhahabu, mmoja wa Kolar nchini India na mwingine wa East Rand nchini Afrika Kusini, na nafurahi kila ninapowakumbusha wanafunzi kwamba bara letu limo katika historia hii tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Ondoa muoni zitokazo juu

Mwamba hupunguza muoni za kosmiki mara 100,000 hivi, lakini bado takriban mbili hupita ndani ya tangi kila sekunde, ilhali nyutrino za angahewa zinazofaa kwa uchambuzi ni nane hivi kwa siku nzima. Hapa sehemu ya nje ndiyo msaada wako. Muoni inayoingia kutoka nje haina budi kuwasha mirija ya tabaka hilo. Nyutrino hupita kimya na kuanza kutoa mwanga ikiwa tayari ndani. Kwa tukio lililoanza na kuishia ndani, kubali lile tu ambalo kundi la mirija iliyowaka sehemu ya nje ni chini ya 16 (katika kipindi cha kwanza cha kigunduzi kikomo kilikuwa 10).

Hatua ya 3: Tafuta mahali tukio lilipoanzia

Mwanga husafiri sentimita 22 hivi kwa nanosekunde ndani ya maji. Chagua nukta yoyote ndani ya tangi, kokotoa muda ambao mwanga ungetumia kutoka hapo hadi kwenye kila mrija uliowaka, kisha uutoe kwenye muda uliorekodiwa. Nukta ambayo masalio yake yanasongamana kuliko nyingine zote ndiyo chimbuko la tukio. Baada ya hapo bakiza matukio yaliyo umbali wa zaidi ya mita 2 kutoka ukuta wa mirija, yaani tani 22,500 za katikati. Usishawishike kulegeza mpaka huu ili upate idadi kubwa, kwani karibu na ukuta ndipo muoni zilizomponyoka mlinzi hujificha.

Hatua ya 4: Isome pete

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inastahili muda wako. Chembe inayokwenda kasi kuliko mwanga ndani ya maji hutoa mwanga wa Cherenkov katika umbo la pia (koni), kwa pembe ya nyuzi 42 hivi, na koni hiyo inapofika ukutani huchora pete. Muoni hunyooka katika njia yake, kwa hiyo ukingo wa nje wa pete yake ni mkali, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Elektroni huzaa mvua ya elektroni na fotoni (chembe za mwanga) zinazotawanyika, na kila moja ya elektroni hizo huchora pete yake ndogo, hata ukingo ukawa na ukungu. Fungua tukio moja ulitazame kwa macho kabla ya kuiachia programu iamue. Kisha subiri mikrosekunde chache baada ya pete: muoni iliyosimama huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2, halafu huvunjika, na elektroni yake huwasha mwanga hafifu karibu na mahali muoni ilipokomea. Pete yenye ukingo mkali ikifuatwa na mwanga huo ni ushahidi thabiti wa nyutrino ya muoni.

Hatua ya 5: Linganisha juu na chini

Mwelekeo wa pete hukupa mwelekeo wa nyutrino, lakini kwa makadirio tu. Muoni yenye momenta (zao la uzito na kasi) ya milioni 400 za elektrovolti, kipimo kinachotumika kwa chembe ndogo, huachana na njia ya nyutrino kwa wastani wa nyuzi 55. Ikifika bilioni 1.5, pengo hushuka hadi nyuzi 20. Kwa hiyo anza na matukio yenye nishati inayoonekana ya zaidi ya bilioni 1.33 za elektrovolti.

Nyutrino inayotoka juu imesafiri kilomita 15 hivi. Inayotoka chini imevuka dunia nzima, karibu kilomita 13,000. Hesabu matukio ya nyutrino zinazopanda kutoka chini (U) na zinazoshuka kutoka juu (D), kisha tafuta (U−D)/(U+D). Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba miale ya kosmiki huinyeshea dunia karibu sawasawa kutoka pande zote, kwa hiyo makosa yetu katika kukadiria wingi wa nyutrino hujifuta yenyewe. Mwaka 1998, katika mkutano wa nyutrino wa Takayama, Japani, ambako mwanafizikia Takaaki Kajita aliwasilisha matokeo, data ya siku 535 ilionyesha hasi 0.296 kwa muoni, kukiwa na kosa la takwimu la 0.048, wakati elektroni zilitoa hasi 0.036, thamani isiyotofautika na sifuri. Nyutrino za muoni kutoka chini zilikuwa zimepungua karibu nusu, kwa kuwa zilikuwa zimegeuka njiani kuwa za tau, aina ya tatu ya nyutrino.

Matukio ya karibu na upeo wa macho, ambayo kosaini ya pembe yake kutoka wima iko kati ya hasi 0.2 na chanya 0.2, yaweke kando katika hesabu hii. Katika ukanda huo mwembamba, safari ya nyutrino huruka kutoka kilomita 75 hivi hadi zaidi ya 2,500, na kosa dogo la pembe linatosha kulihamisha tukio kutoka kundi moja hadi jingine.